Uhabeshi na Baraza la Geneva

Kila tunapoukosoa Umoja wa Mataifa tunaambiwa kwamba baraza bovu ni afadhali kuliko vita. Hatuna ugomvi na neno hilo. Ila twamwomba ndugu msomaji aikumbuke Uhabeshi.

Shirika la Mataifa lilizaliwa Januari 1920, baada ya vita iliyowamaliza vijana wa Ulaya, na wapagazi wetu pia. Mkataba wake ulisema bayana: mwanachama atakayeanzisha vita kinyume cha mkataba ahesabiwe kuwa amewapiga wenzake wote. Uhabeshi ikaliamini neno hilo, ikaingia mwaka 1923. Tarehe 3 Oktoba 1935 majeshi ya Mussolini yakavuka mpaka, na baadaye ndege zake zikamwaga sumu juu ya askari na raia.

Shirika lisisingiziwe kwamba lilinyamaza. Katika siku chache liliihukumu Italia kuwa mchokozi, na Novemba likaiwekea vikwazo vya biashara. Lakini tazama, ndugu, ni bidhaa gani iliyoachwa. Mafuta! Bila mafuta hakuna gari la vita liendalo wala ndege irukayo. Mfereji wa Suez nao haukufungwa. Meli zilizojaa askari zilipita zikilipa ushuru kama meli za biashara. Desemba ikavuja habari kwamba mawaziri wa Uingereza na Ufaransa wamepatana faraghani kumpa mchokozi sehemu kubwa ya nchi aliyoivamia. Makuli wa bandari ya Durban, watu wasio na kiti Geneva, walikuwa wamekwisha kukataa kuipakia nyama meli ya Kiitalia.

Addis Ababa ikatekwa Mei 1936. Tarehe 30 Juni Haile Selassie alisimama mwenyewe mbele ya Shirika, na waandishi wa Kiitalia wakampigia miluzi. Julai vikwazo vikaondolewa.

Umoja wa Mataifa ulioundwa mwaka 1945 tuupe haki yake: mwaka 1955 Mwalimu Nyerere aliisemea Tanganyika mbele ya Baraza lake la Udhamini, na akasikilizwa. Lakini katika Baraza la Usalama wakubwa watano walijiwekea kura ya turufu. Shauri likiwagusa wao au rafiki zao, hufia mezani. Yaliyofanyika Geneva kwa kificho yakawa sheria.

Uhabeshi ilikuwa mmoja wa wanachama 4 wa Afrika waliokuwako tangu mwanzo. Leo Afrika ina wanachama 54, wala hakuna hata mmoja mwenye kiti cha kudumu katika Baraza hilo. Mwaka 2005 Umoja wa Afrika ulidai viti visivyopungua viwili, pamoja na turufu yake maadamu turufu ipo. Wako wanaotushauri tupokee viti kwanza, turufu tuisahau. Sisi twakataa. Huko ni kualikwa karamuni na kuketishwa mlangoni, na Haile Selassie alikwisha kuketi hapo.