KUDAI CHAKO SI DHAMBI



Ndugu mmoja aliacha kuswali jamaa. Nilipomfuata nyumbani akaniambia: "Sheikh, rafiki anayenidai anakaa safu ya mbele." Shilingi 200,000 zimemtoa mtu msikitini!

Wewe unayedai, kudai haki yako si dhambi. Lakini mfuate faraghani, usimtangaze kwenye grupu la WhatsApp. Kama kweli hana, Suratul Baqara aya ya 280 inakutaka umpe muda, na kusamehe ni bora zaidi. Kama anacho na anakuzungusha, hiyo ni dhulma. Mwendee na mashahidi wawili, mwandikiane alipe kidogo kidogo.

Nawe unayedaiwa, usikimbie. Deni humfuata hata aliyekufa shahidi.

Allah atuwezeshe kulipa madeni yetu. Aamin.