Zege, Maji na Wajibu wa Wenye Sare

Tangu Arua ilipopewa hadhi ya jiji tarehe 1 Julai 2020, msafiri atokaye mjini kuelekea Koboko huona kuta mpya zikiinuka kando ya barabara. Katika eneo la Manibe, mahali palipokuwa na mihogo pamesimama nguzo, na nondo zimechomoza juu zikingoja sakafu nyingine. Ni maendeleo ya kupongezwa. Hata hivyo liko swali ambalo wachache hulitamka: maji yaliyotiwa katika zege la nguzo zile yalipimwa na nani?

Swali hilo latuhusu sisi wenye sare kuliko tunavyodhani. Jengo la hoteli lililokuwa likijengwa Bwebajja, katika barabara ya Entebbe, liliporomoka mwaka 2004 na kuua wafanyakazi. Mwaka 2013 ghorofa lilianguka katika mtaa wa Indira Gandhi, Dar es Salaam, na watu zaidi ya 30 wakapoteza maisha. Huruma, Nairobi, mwaka 2016, waliokufa walikuwa wapatao 50. Kariakoo ilifuata Novemba 2024. Kila ajali ilikuwa na sababu zake na si haki kuzichanganya, lakini kila mara askari walikuwa miongoni mwa walioitwa kufukua vifusi. Isitoshe, katika miaka hii Kikosi cha Wahandisi cha UPDF kimekabidhiwa kazi za kujenga shule na vituo vya afya vya serikali. Askari sasa ni mwokoaji, na ni mjenzi pia.

Kijana anayesomea shahada ya uhandisi wa ujenzi, iwe Makerere au kwingineko, hufundishwa somo zima la tekinolojia ya zege. Mtu wa kawaida hushangaa kwamba saruji, mchanga, kokoto na maji vyahitaji mhadhara. Msingi wa somo hilo uliwekwa na Mmarekani Duff Abrams, ambaye mwaka 1918 alitangaza huko Chicago matokeo ya majaribio yake: nguvu ya zege lililoshindiliwa vyema hutegemea hasa uwiano wa maji kwa saruji. Tuseme uwiano uliochaguliwa ni nusu. Mfuko wa kilo 50 utahitaji lita 25, yaani jerikeni moja na robo, na unyevu uliomo tayari katika mchanga huhesabiwa humo. Fundi akitia lita 35 ili zege liteleze kwa urahisi, nguvu yaweza kupungua kwa takriban theluthi moja. Maji yaliyozidi huondoka baadaye na kuacha vitundu visivyoonekana kwa macho.

Mwandishi wa makala hii alipokuwa kadeti alishiriki kumwaga sakafu ya ghala. Jua lilikuwa kali, zege lilikuwa zito kwa sepetu, tukaongeza maji, na hakuna aliyetukataza. Sakafu ile ilitoa vumbi kila ilipofagiliwa. Ilikuwa sakafu tu. Ingekuwa nguzo, habari ingekuwa nyingine.

Mwanafunzi hujifunza pia kutoamini macho yake. Huchukua zege bichi, akalijaza katika kibati chenye umbo la pia iliyokatwa ncha, kimo chake sentimita 30, kisha akakiinua na kupima limeshuka kiasi gani. Hutengeneza michemraba yenye upande wa sentimita 15, akaihifadhi majini na kuivunja kwa mashine siku ya 7 na ya 28. Zege la daraja la 25 likiwa sahihi, mchemraba mmoja hubeba tani zipatazo 57 kabla ya kupasuka. Wenzetu wa vifaru watakumbuka kwamba T-55 ina uzito wa tani 36.

Huko Nile Magharibi shida kubwa, kwa maoni yangu, huanza baada ya mafundi kwenda nyumbani. Zege halikauki kama nguo. Hukomaa kwa kunywa maji, na lapaswa kuwa na unyevu kwa siku 7 angalau. Wakati wa kiangazi, Desemba hadi Februari, maji hayo hubebwa kichwani na akina mama kutoka kisimani, nayo ndiyo ya kupikia na kunywesha watoto. Mwenye nyumba atakayemwagia nguzo siku mbili akaacha si mvivu. Kwa hiyo gharama ya maji ya kumwagilia, na magunia ya kufunikia, yafaa iandikwe katika hesabu ya ujenzi kabla ya mfuko wa kwanza kufunguliwa. Katika kazi za serikali hakuna udhuru wa kuiacha.

Kwa polisi liko jambo la pekee. Jengo likianguka, baada ya majeruhi kuokolewa, vifusi ni ushahidi. Nguzo iliyobaki yaweza kutobolewa kipande cha mviringo na kupelekwa maabara kuvunjwa; matundu makubwa yaliyozunguka nondo hueleza kwamba zege halikushindiliwa; unene wa nondo na nafasi kati yake hupimwa na kulinganishwa na mchoro. Lori la mwenye jengo likiruhusiwa kuzoa vifusi usiku, mpelelezi hubaki na maneno ya mashahidi tu. Sheria ya Usimamizi wa Majengo ya mwaka 2013 ipo, na ramani iliyoidhinishwa ndiyo karatasi ya kwanza ya kudai. Ya pili iwe daftari la vipimo vya michemraba, lenye tarehe ya kumwaga na tarehe ya kuvunja.