Mganda nao ulikuwa kelele za vijana

Kila kiangazi, kahawa ikishaanikwa na mahindi yakiwa ghalani, wazee wa Umatengo na wa ufukweni Nyasa huanza wimbo wao uleule: zamani vijana walikuwa na ngoma ya mganda, wa leo wana sabufa na singeli. Huzuni yao naielewa. Hoja yao ndiyo siikubali, kwa sababu inasahau mganda ulikuwa nini siku ulipozaliwa. Haukuteremshwa na mababu. Vijana waliutunga baada ya Vita Kuu ya 1914 hadi 1918, wakiiga bendi za KAR, jeshi la kikoloni la Waingereza, kama wenzao wa pwani walivyokwisha kufanya na ngoma ya beni huko Lamu na Mombasa. Terence Ranger aliyafuatilia hayo katika kitabu chake cha 1975 kuhusu beni. Magitaa ya punk ya London ya 1976 na 1977, ambako jarida dogo la mashabiki lilichora kodi tatu za gitaa na kumwambia msomaji akaunde bendi, hayakuwa na jipya sana kwa mtu wa Liuli, ufukweni Nyasa. Bila mwalimu wala duka la ala, na bila kumwomba mtu ruhusa, vijana wa ziwa walikuwa wamekwisha kuunda zao.

Tazama ala yenyewe. Kibuyu kikavu hukatwa mdomo, ubavuni hutobolewa tundu dogo, na tundu hilo huzibwa kwa utando wa buibui. Mpigaji hapulizi kama mpiga tarumbeta; anaimba ndani yake, utando unatetema, na sauti inatoka ikikwaruza na kuvuma kama nyuki waliochokozwa. Ishirini wakiimba hivyo kwa pamoja, na ngoma kubwa ikidunda nyuma yao, unapata tarumbeta za kizungu zilizolimwa shambani. Wachezaji hupanga mistari wakiwa na kaptura nyeupe na soksi zilizovutwa hadi magotini, na kila kundi lina kingi wake, kapteni, sajenti, hata daktari. Watu waliokuwa wakipewa amri na serikali walijigawia vyeo vyote vya serikali. Kwa kijana wa kijiji chini ya mkoloni, sijui kama kuna utundu uliozidi huo.

Na wakubwa waliuona utundu huo. Wafanyakazi wa migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini walipogoma mwaka 1935, tume iliyoundwa kuchunguza ilitumia muda wake kuihoji mbeni, ndugu wa beni na mganda, ikishuku kwamba wacheza ngoma ndio waliopanga mgomo. Lugha ya lawama tunayoisikia leo, kwamba vijana wana makundi yasiyoeleweka, majina ya ajabu na kelele za usiku, ina umri mkubwa kuliko sabufa.

Nitaambiwa kwamba mganda ulikuwa na nidhamu na singeli ina matusi. Kuhusu matusi sibishi. Nyimbo nyingine huwezi kuzisikiliza ukiwa na mama mkwe. Lakini nidhamu ya mganda haikutokana na vijana wale kuwa na damu safi kuliko hawa. Ilitokana na mwaliko. Kijiji kiliwaita wageni, kikachinja, kikawalisha na kuwalaza. Wageni wakacheza, wakapimwa na macho ya wapinzani. Kisha zamu ikageuka. Anayejua kwamba mwezi ujao atacheza ugenini mbele ya watu wanaomtakia akosee hatua, atafanya mazoezi bila kufokewa. Leo tumewanyang'anya vijana ugeni huo, kisha tunawalaumu kwa kukosa adabu za ugenini.

Mchezo huo wa kualikana uliondokaje? Stephen Hill, mtafiti wa muziki, aliandika kuhusu Umatengo katika kitabu Mashindano! cha mwaka 2000, na kichwa cha sura yake kilikuwa kauli ya wenyeji: mchezo umelala. Umelala, si umekufa. Mimi nautazama usingizi huo kwa upande wa mfuko. Julai 1989 mfumo wa kimataifa wa mgawo wa kahawa ulivunjika na bei ikaporomoka. Katika miaka ya 1990 ushirika wa wakulima wa Mbinga, MBICU, nao ukayumba. Mkulima asiye na hakika ya malipo hawezi kuahidi kulisha wageni mia. Ngoma ya kualikana husimama kwa chakula kabla ya kusimama kwa ufundi, na chungu kikipoa, kingi na kapteni wanarudi kuwa watu wa kawaida.

Wapo watakaosema mganda haujalala, mbona upo kila sherehe ya kitaifa na kila ziara ya kiongozi? Upo, kwa dakika kumi, mbele ya hema, bila mpinzani. Kiongozi anatabasamu, anatunza noti, msafara unaondoka. Hiyo ni heshima, lakini si ule mchezo. Na atakayenikumbusha kwamba jukwaa ndilo lililotupatia Kapteni John Komba, mzaliwa wa Lituhi aliyeliongoza kundi la sanaa la TOT na kuwa mbunge wa Mbinga Magharibi, namkubalia kabisa. Kipaji kama kile lazima kipande. Ila jukwaa huchukua mmoja, na kijiji kinawahitaji wale arobaini wasiopanda popote, wenye sauti za wastani, wanaopiga kibuyu vibaya kidogo na kurudi kupalilia Jumatatu.

Ndiyo maana sioni faida ya kuwalazimisha vijana wa leo washike vibuyu. Wakitaka kuimba kwa singeli, kwa kasi ile inayomwacha mzee hoi, waachwe waimbe. Mganda nao ulianza kwa kuazima kwa wenye nguvu. Kinachostahili kurudishwa ni ratiba: Jumamosi fulani, kijiji fulani, wageni kutoka kijiji kingine, na waamuzi wasio wa upande wowote. Halmashauri zinazotenga fedha za tamasha la siku moja zingeweza kununua magunia ya mahindi na mbuzi kadhaa kwa fedha hizohizo. Kutoka Mbinga hadi Mbamba Bay sasa ni lami, kilomita 66, na kundi la vijana juu ya fuso linafika kabla jua halijawa kali. Swali ni nani huko chini ameshabandika chungu.