Mtangazaji wa Muziki Asiyeandika

Hivi nani aliyetuambia kwamba kazi ya mtangazaji wa muziki ni kuongea tu? Fungua redio jioni, uwe Lindi mjini au Nangurukuru, utasikia wimbo, kelele juu ya wimbo, salamu, tangazo la bando, halafu wimbo mwingine. Nani katunga? Nani kapiga gitaa? Ulirekodiwa wapi, mwaka gani? Kimya. Kipindi cha saa tatu kinakwisha na jina la mtunzi halijatajwa hata mara moja. Ukimuuliza mwenye kipindi, atakwambia wasikilizaji wanataka kuchangamshwa, historia wakaitafute shuleni.

Mimi nakataa. Mtangazaji wa muziki asiyeandika amefanya nusu ya kazi, na nusu aliyoiacha ndiyo yenye kudumu.

Tuanzie nyumbani. Miaka ya 1960 Dar es Salaam ilikuwa na bendi ikiitwa Kilwa Jazz, kiongozi wake Ahmed Kipande. Ilirekodi, ikapigwa redioni, watu wakacheza. Leo litaje jina hilo kijiweni Kilwa Masoko uone wangapi watakuuliza kama ni timu ya mpira. Sitawalaumu vijana. Nani aliwaandikia?

Sasa linganisha. Ibn Battuta alipita Kilwa mwaka 1331, akaandika habari zake kidogo tu, na mpaka leo ukivuka na mgeni kwenda Kisiwani hukosi kumsikia akitajwa. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yamo katika orodha ya Urithi wa Dunia tangu 1981. Mawe yana walinzi na yana vibao. Waliopiga muziki pwani hii wana nini? Wana kumbukumbu za mzee mmoja mmoja, na wazee wenyewe ndio hao wanaondoka.

Atatokea wa kusema, "Kanda si zipo?" Zipo, ni kweli. Radio Tanzania Dar es Salaam, iliyopata jina hilo mwaka 1965, kwa miaka mingi ndiyo iliyokuwa studio ya bendi zetu, mpaka redio binafsi zilipoingia miaka ya 1990. Maktaba yake, ambayo sasa iko chini ya TBC, ni hazina kubwa. Lakini jina la bendi juu ya boksi la kanda halikwambii nani aliimba sauti ya pili, mpiga besi alitoka kijiji gani, wala bendi ilivunjika kwa ugomvi gani. Hayo walikuwa nayo watangazaji wa zamani, vichwani mwao. Wengi wamestaafu nayo, wengine wamezikwa nayo. Msibani tunasema, "Huyu bwana alikuwa maktaba inayotembea," kana kwamba ni sifa. Maktaba gani hiyo inayofukiwa pamoja na mwenyewe?

Na watu wa kusini tunajua uzito wa redio. Kabla Daraja la Mkapa halijafunguliwa Rufiji mwaka 2003, masika yakikaza barabara ya Dar ilikuwa haipitiki. Magari yalikwama, nyimbo zikafika. Sauti iliyoaminiwa kiasi hicho ilikuwa na deni kwa wasikilizaji wake, na deni hilo halijalipwa.

Wapo waliolipa la kwao. Shaaban Robert hakuwa mtangazaji, lakini aliketi akaandika Wasifu wa Siti binti Saad. Siti alirekodi santuri Bombay mwaka 1928, akafariki 1950. Leo ni wangapi wamewahi kuzisikia santuri zile? Maisha yake tunayajua kwa sababu kuna mtu aliyaandika. Na katika zama zetu yupo John Kitime, mpiga gitaa aliyepitia Tancut Almasi, Vijana Jazz na Njenje, ambaye kwa miaka amekuwa akiandika habari za wanamuziki wa Tanzania, bendi kwa bendi, jina kwa jina. Mwanamuziki kaibeba kazi ambayo sisi wenye maiki na vyeti vya uandishi tumeikimbia. Aibu ni yetu, si yake.

Mwingine ni Mike Mhagama wa Radio One. Yeye ndiye anayetajwa kuwa alilitoa hewani jina la bongo fleva katikati ya miaka ya 1990. Maneno mawili tu, muziki wa kizazi kizima ukapata jina! Lakini tunaweza kumtaja leo kwa kuwa watafiti walilifuatilia jambo hilo wakaliandika. Na watafiti wenyewe ni akina nani? Kitabu cha Kelly Askew cha mwaka 2002 na cha Alex Perullo cha 2011 ni miongoni mwa vinavyotegemewa sana kuhusu muziki wetu. Waandishi wote wawili Wamarekani, vitabu vyote viwili kwa Kiingereza. Nawashukuru. Ila inakuwaje mtu avuke bahari kuja kuuliza, na sisi tulioko hapahapa tushindwe kuvuka barabara?

Halafu kuna suala la hela. Tangu Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999, wimbo ukipigwa redioni mwenye wimbo ana haki yake. Sasa mirabaha itamfikiaje mtu ambaye jina lake halipo popote? Kutotaja jina la mtunzi ni kumpunguzia mjane wake chakula mezani.

Najua utetezi: mishahara ya redio za mikoani ni midogo, wengine hawalipwi kabisa. Naijua hali hiyo, nimeiishi. Ndiyo maana wengi wanakula kwa msanii ili wimbo wake upigwe. Lakini kinywa kilichojaa pilau hakiwezi kumkosoa mpishi, na mtangazaji wa namna hiyo akiondoka kituoni hata msanii aliyemlipa hatamkumbuka.

Siombi kitabu kesho. Naomba kila mtangazaji wa muziki wa pwani hii, kuanzia Somanga mpaka Lindi, awe na mzee mmoja kwa mwezi: aliyepiga dansi, aliyeimba taarabu, aliyewamba ngoma. Naomba mameneja wampe siku moja ya kutoka ofisini. Nenda na daftari, simu ya kurekodia na kilo ya sukari. Muulize alianzaje, na nani, wapi, kwa shilingi ngapi. Kabla hujaaga, mpe kalamu aandike jina lake kamili kwa mkono wake, na majina ya wenzake.