Mzoefu Asome, Kisha Arejee Kituoni Pake

Hakuna ubishi kwamba Serikali yetu imekwisha kuweka misingi ya kumlinda mtoto. Sheria ya Mtoto Namba 6 ya mwaka 2011 iliweka Mahakama ya Watoto, na katika hospitali ya Mnazi Mmoja kikaanzishwa kituo cha Mkono kwa Mkono, ili mtoto aliyedhulumiwa apate daktari, polisi na nasaha mahali pamoja.

Lakini sheria haitembei kwa miguu yake. Kila mwananchi wa Unguja na Pemba anaijua safari ya kesi ya mtoto: kwa sheha, polisi, hospitali, kwa mwendesha mashtaka, hadi mahakamani. Katika kila kizingiti muhali unaingojea. Jamaa hupatana, shahidi hatokei, na mtoto hurudishwa katika nyumba ile ile alimodhuriwa. Kila ofisi itasema imetimiza wajibu wake, na pengine ni kweli. Bali hakuna aliyekabidhiwa kazi ya kuziunganisha.

Anayejua kamba inakatikia wapi ni mtumishi aliyekaa kazini miaka 15 au 20: afisa wa ustawi, mpelelezi, muuguzi, hakimu. Hata hivyo, nafasi za masomo zinapotokea, si nadra kusikia kwamba mtu huyo umri wake wa kusoma umepita. Akibahatika kwenda, hurudi akapangiwa meza isiyohusiana na alichojifunza.

Nchini Marekani, Wakfu wa Annie E. Casey, ulioasisiwa mwaka 1948, ulianzisha mwaka 1993 ufadhili maalumu kwa viongozi waliokwisha kubobea katika kazi za watoto na familia. Lengo halikuwa kuwapa shahada nyingine, bali kuwaandaa kurekebisha idara na mifumo inayowahudumia watoto wanyonge. Hatusemi tuige kila la Marekani. Neno wakfu si geni kwetu, wala haki ya yatima hatukufundishwa na Baltimore. Tuliisoma chuoni tungali wadogo.

Maoni yetu ni kwamba Serikali itenge kila mwaka nafasi chache za namna hiyo. Kwanza, wachaguliwe watumishi wa idara mbalimbali wakae darasa moja, maana watakaporudi watahitajiana. Pili, kila mmoja aende na fundo moja la ofisi yake, na apimwe kwa kulifungua: kesi ngapi zimefika hukumuni, watoto wangapi wamepata makazi ya salama. Tatu, arejee kituoni pake akiwa na madaraka ya kutenda, wala asihamishwe kabla kazi haijaonekana.

Viongozi wa Chama katika matawi nao wana sehemu yao, kwani muhali hauondolewi na mtaalamu peke yake. Bajeti ijayo itakapotayarishwa, tungependa kuliona fungu hilo.