Moshi wa Nyaya na Damu ya Mtoto

Jiji la Dar es Salaam likizidi kupanuka kuelekea kaskazini, kupitia Bunju, Mapinga na Kerege hadi Bagamoyo, vibanda vya mafundi simu na wanunuzi wa vyuma chakavu navyo huongezeka kando ya barabara. Mafundi hao hawastahili kubezwa, kwani kila simu wanayoifufua huchelewa kuwa taka. Hatari huanza kifaa kinapokataa kabisa kutengenezeka. Hapo nyaya huchomwa moto ili shaba ipatikane, na betri hupasuliwa kwa ajili ya risasi.

Wapwani wanaijua risasi. Chubwi la mshipi wa mvuvi ni risasi hiyohiyo. Mwenendo wake mwilini ndio usiojulikana sana. Mtoto mdogo hufyonza risasi aliyoimeza mara 4 hadi 5 zaidi ya mtu mzima, na akipungukiwa madini ya chuma hufyonza zaidi. Huudhuru ubongo unaokua, huleta upungufu wa damu, na kwa mjamzito huvuka kondo la nyuma. Shirika la Afya Duniani halitambui kiwango chochote kuwa salama.

Mombasa imekwisha kuyaona haya. Phyllis Omido aliajiriwa katika kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu, jirani na mtaa wa Owino Uhuru. Mwanawe alipougua, vipimo vya malaria na homa ya matumbo havikueleza kitu, ilikuwa risasi. Mwaka 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi za Kenya bilioni 1.3.

Tanzania ilitunga kanuni za kudhibiti taka za kielektroniki mwaka 2021. Ni hatua njema, ila kanuni haiingii chumba cha daktari. Humo mtoto aliyepauka, anayelalamikia tumbo, hupewa dawa ya minyoo na ya kuongeza damu, kisha huruhusiwa, pasipo mzazi kuulizwa anafanya kazi gani na anaifanyia wapi. Swali hilo halihitaji mashine wala bajeti. Jibu likitaja nyaya, betri au moto wa jalalani, mtoto apewe rufaa akapimwe risasi katika damu. Naye mzazi aelezwe kwamba vumbi husafiri na nguo, hivyo aoge na kubadili mavazi kabla ya kumpakata mwanawe, na moto huo uondoke uani.

Vituo vya afya navyo (jambo la aibu kidogo) vichungulie stoo zao, zilikolala kompyuta na majokofu mabovu yakisubiri idhini ya kufutwa kwenye daftari la mali.