Nani Anawaandikia Vijana Wetu?

Siku ya kutangaza matokeo, shule haikosi mchezo wa kuigiza. Baba mlevi, mtoto mvivu, mwalimu mwenye busara. Mwishoni mlevi anaacha pombe, wazazi wanapiga makofi. Nani kautunga? Hakuna anayeuliza. Hapa Lubumbashi kuwatungia vijana tamthilia ni kazi ya kujitolea, ya mwalimu mwenye moyo. Toleo hili linasema ni kazi ya maisha.

Tazameni Tanzania. Penina Muhando, au Profesa Mlama, alikwishajijengea jina kwa tamthilia za Hatia (1972), Nguzo Mama (1982) na Lina Ubani (1984). Angeweza kuishia hapo na bado angesomwa. Lakini mwaka 1996, katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, yeye na Amandina Lihamba walianzisha Tuseme. Wasichana wa sekondari hukaa pamoja, wakataja yanayowakwaza shuleni, wakayatungia mchezo, kisha wakauigiza mbele ya walimu wao wenyewe. Mwalimu anayewasumbua wasichana anajiona jukwaani, na wa kumchapa hayupo, maana aliyesema ni mhusika! FAWE, shirika la wanawake waelimishaji wa Afrika ambalo Mlama alikuja kuliongoza, liliueneza mpango huo katika nchi nyingine za Afrika. Kwangu mimi hiyo ndiyo tamthilia yake kubwa kuliko zote, ingawa haina jalada.

Sasa njooni Kilwa yetu ya Ziwa Mweru (si ile ya pwani ya Tanzania). Oktoba 2004 jeshi liliingia mjini, na Umoja wa Mataifa ukahesabu vifo zaidi ya 70. Mwaka 2007 mahakama ya kijeshi hapa Lubumbashi haikumtia mtu hatiani kwa mauaji hayo. Waliozaliwa mwaka wa mauaji ni watu wazima leo, na wadogo zao wako darasani. Sisi tunawapelekea michezo ya kunawa mikono. Mikono ioshwe, sawa, lakini maswali yao nani atayapandisha jukwaani?

Lugha tunayo. Kundi la maigizo la Mufwankolo lilithibitisha zamani kwamba Kiswahili cha Lubumbashi kinabeba jukwaa bila kuyumba. Ila waliigiza bila matini iliyoandikwa, na mwalimu wa Kilwa hana cha kushika mkononi.

Basi, walimu na vijana wa Kilwa, Pweto, Kasenga: tungeni, andikeni, mtuletee. Kiswahili chenu hatutakisahihisha.